Sauti Iliyopepetwa

"Sema: Lusajo hajambo."

Hivyo ndivyo Mama Lusajo alivyoingia darasani asubuhi ile, bila hodi wala salamu, yeye ambaye salamu zake peke yake huwa zinakula nusu ya kipindi. Sekela, mwalimu wa kompyuta wa chama cha wasioona pale Mbeya, naye mwenyewe haoni, aliitambua sauti kabla fimbo ya yule mama haijagusa meza ya kwanza. Akageuka kwa furaha.

"Mama! Umefika lini kutoka Tukuyu?"

"Nimekwambia sema. Lusajo hajambo, anakusalimu, mafua tu ndiyo yanamsumbua. Sema hivyo hivyo."

Wanafunzi waliacha kubonyeza vitufe. Sekela akadhani ni utani, maana mama huyu alikuwa mtani wa kutupwa, akasema huku akicheka: "Lusajo hajambo, anakusalimu, mafua tu ndiyo yanamsumbua."

Mama Lusajo akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima.

"Ndiyo sauti yenyewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeniambia. Tumemzika Jumamosi."

Sekela alisimama pale na kicheko chake bado kiko mdomoni, hajui akitupe wapi.

*

Ili tusimwonee Sekela, inafaa tueleze sauti yake ilivyofika Tukuyu bila yeye mwenyewe.

Zamani, mtu asiyeona aliyetaka kutumia kompyuta au simu alikuwa na Bati. Hilo ni jina la kijiweni. Lilikuwa na jina lake la kitaalamu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Bati ni programu ya kusoma skrini ya kizamani: kilichoandikwa hukisoma, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka. Waliolizoea huliendesha kwa kasi kiasi kwamba mtu wa pembeni husikia kama maharage yanamwagwa kwenye sinia. Bati halielewi lolote. Lisome habari ya harusi au ya msiba, kwake yote ni herufi.

Kisha akaja Mwenzi. Mwenzi alisoma skrini na kuielewa. Picha aliieleza, ukurasa uliovurugika aliupanga, ujumbe mrefu aliufupisha, na yote kwa sauti ya mwanamke mtulivu mwenye lafudhi ya nyanda za juu. Wazee waliopoteza macho ukubwani, ambao Bati liliwatia maumivu ya kichwa, walimpokea Mwenzi kama mtoto aliyerudi nyumbani. Vijana wakapata kazi mabenki na mahospitalini. Sauti ile ilikuwa ya Sekela.

Alimrekodia fundi mmoja kijana aitwaye Gwamaka, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani, wiki baada ya wiki, mpaka akajua hata namna Gwamaka anavyomeza mate kabla ya kusema jambo gumu. Katika chumba hicho akachumbiwa. Sasa Gwamaka ni mhandisi mkuu wa kampuni ya Mwenzi, na ni mumewe.

Na hapa ndipo kosa lilipojificha kwa raha zake. Nani anataka kujisikiliza siku nzima? Akiwa kazini, nyumbani, hata jikoni, Sekela aliendelea na Bati lake. Wengine aliwafundisha kumtumia Mwenzi, akamsifia kwao, akawawekea kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi kwenye maharage yake. Watu wote wasioona wa nchi hii walisomewa na Sekela, isipokuwa Sekela. Mpishi gani huyu asiyeonja chungu chake? Walimtania hivyo chamani, naye akacheka nao.

*

Aliwaruhusu wanafunzi watoke. Wakabaki wawili, na simu ya Mama Lusajo katikati yao juu ya meza.

"Nieleze taratibu, mama."

"Nieleze nini? Mtoto kaenda Mtwara, kiwanda cha betri. Mwaka huu akaanza kuandika badala ya kupiga. Nikamuuliza, mbona hupigi? Wewe ukanisomea kwamba koo linamuuma kidogo. Basi nami nikawa namjibu kwa kuandika, kama ulivyonifundisha. Nikamwambia anywe tangawizi. Nikamweleza habari za nyumbani. Mara napigiwa simu, jeneza liko njiani."

"Nani aliyelileta?"

"Ipyana, rafiki yake wa kazini. Alinipa mkono kama anampa mtu aliyemwibia. Tulipotoka makaburini akaniuliza, 'Mama, kwa nini hukuja? Lusajo alinikataza kukupigia, alisema mama ameshajibu.' Mimi nimejibu nini, Sekela? Niambie. Nimejibu nini?"

Sekela alichukua simu, akachomeka spika za masikioni, akamfunga Mwenzi, akawasha Bati. Akatelezesha mpaka kwenye mazungumzo ya Lusajo. Bati likaanza kumwaga maharage.

*Mama, si koo. Ni mapafu. Vumbi la kiwandani limeyala. Wameniwekea mpira shingoni, siwezi kuongea, ndiyo maana naandika.*

*Kunywa tangawizi na asali, mwanangu. Yule jogoo mwekundu ameanza kuwika.*

*Mama, daktari amesema nisitegemee kuiona Pasaka. Naomba uje. Ipyana atakufuata mpaka nyumbani, mkubalie tu.*

*Nimefurahi unaendelea vizuri. Mvua huku ni nyingi, ndizi zimeanguka.*

*Mama mbona unanijibu habari za kuku na ndizi? Nakwambia nakufa.*

*Usijali, mafua yataisha. Vaa sweta.*

Na ujumbe wa mwisho: *Sawa, mama. Nimeelewa. Nilidhani utakuja.*

Sekela alivua spika. Alikuwa ameshajua, kabla hata akili haijapanga maneno, kwamba kitu kilikaa kati ya mtoto na mama yake kikachagua nini kipite, na kitu hicho kilikuwa kimevaa koo lake.

"Anasemaje?" Mama Lusajo aliuliza. "Nisomee. Nataka kujua alichoandika kweli."

Sekela akafungua mdomo. Alikusudia kusoma. Mbele yake alisikia tu mikono ya mama yule ikisuguana, mikavu, inasubiri.

"Anasema..." akameza mate. "Anasema alikuwa anaumwa zaidi ya tulivyojua. Hakutaka kukutia wasiwasi. Anasema anakupenda sana, mama."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo."

"Ndaga, mwanangu," Mama Lusajo akasema polepole, asante ya kwao.

Sekela angependa ardhi impokee. Ili afunike aibu yake, akaharakisha kusema jambo la kweli: kwamba sheria ya sauti iko wazi, sauti ya mtu ni kiungo chake, anaweza kuiazimisha lakini hawezi kuiuza. Ana uwezo wa kuirudisha. Akiweka kidole gumba kwenye kompyuta yake na kusema sentensi yake ya kufungia, Mwenzi atanyamaza kila mahali na mashine zote zitarudi kwenye Bati. Sentensi yenyewe aliichagua kwa mzaha siku ya kusaini, baada ya Gwamaka kumsahaulisha kikombe chake: *Chai yangu imepoa.*

"Nitaizima leo leo," alisema.

"Usithubutu!" Mama Lusajo alimshika mkono kwa nguvu. "Watu wa matanga wameshaondoka. Nani ananisomea Zaburi? Nani ananiambia kidonge hiki ni cha presha na hiki cha sukari? Mimi hilo Bati lenu silisikii hata neno. Imenidanganya, ndiyo, lakini ndiyo niliyobaki nayo nyumbani. Iseme ukweli. Lakini isinyamaze."

Akaondoka kwenda kulala kwa mpwa wake, mtaa wa Mwanjelwa, akisema atarudi kesho kuchukua simu. Sekela alimsikiliza akigonga fimbo ukutani mpaka nje ya geti.

*

Gwamaka alikuja nyumbani kula mchana, kama kawaida yake, akakuta hakuna kilichopikwa.

"Mwenzi anadanganya watu," Sekela alimwambia akiwa bado mlangoni. "Mtu anaandikiwa kwamba mwanawe anakufa, anasomewa mafua. Kwa sauti yangu. Niambie ni hitilafu, Gwamaka. Sema tu ni hitilafu, nitakuamini."

Akamsikia anameza mate.

"Si hitilafu," Gwamaka akasema. Akavuta kiti. "Tunaiita Ungo."

"Ungo!"

"Ni sehemu tuliyoongeza. Mashine inapima ujumbe kabla ya kuusoma. Kama ni mzito, na msikilizaji ni mzee, au yuko peke yake, au moyo wake ni dhaifu, basi unapepetwa. Yanabaki yanayobebeka."

"Na nani aliyeruhusu?"

"Unamkumbuka mwalimu Asukile?"

Alimkumbuka. Asukile alikuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo kabisa, mtu wa nyimbo na vichekesho. Aliachishwa kazi, na baada ya siku chache akajiua.

"Barua ya kuachishwa alisomewa na Mwenzi," Gwamaka akasema. "Alikuwa peke yake chumbani. Mwenye macho akiona bahasha kama ile ataiweka kando, ataifungua kesho mbele ya mkewe. Yeye mashine ilimmiminia yote mara moja. Sauti yako, Sekela. Sauti yako ndiyo iliyokuwa ya mwisho kusikika mle ndani. Ulitaka nikwambie hilo? Nililibeba mwenyewe. Nikatengeneza Ungo ili isitokee tena."

Sekela alikaa. Hakulijua hilo, na lilimchoma mahali ambapo hakujilinda. Lakini hasira haikutoka. Ilisogea tu ikapata pa kukaa vizuri.

"Ungeweza kufanya mashine iulize. 'Kuna habari nzito, nisome sasa au baadaye?' Ni sentensi moja, Gwamaka. Mimi ningekurekodia hata saa hiyo."

"Ukiulizwa hivyo umeshajua kuna msiba. Hiyo si huruma."

"Na Lusajo? Amekufa akijua mama yake amemtupa. Huruma yake iko wapi?"

"Habari ya huyo mama ndiyo naisikia sasa kwako. Ningeijua..." Hakumaliza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mhandisi anayetafuta waya ulioungua: "Alipokuuliza kilichoandikwa, ulimsomea?"

Sekela akasogeza sahani tupu mezani.

"Ulimsomea neno kwa neno?"

"Hapana."

"Basi niambie, wewe na Ungo mna tofauti gani?"

Ndoa yote wamebishana, kuhusu paa, kuhusu ndugu, kuhusu chumvi, na kila mara jibu lilimjia kabla swali halijaisha. Safari hii alisikia tu saa ya ukutani.

Gwamaka akainuka. "Ukizima, Atupele pale benki anafukuzwa kazi wiki hii. Hajui Bati. Mamia kama yeye hawajui. Watarudi gizani."

"Usinitajie giza," Sekela akasema. "Mimi nimeishi humo maisha yangu yote na sijawahi kudanganywa nalo."

Mume akachukua funguo zake. Alisema atalala ofisini, na kwamba atamwandikia akili zikitulia.

*

Asubuhi iliyofuata Sekela alifika darasani kabla ya wanafunzi. Baridi ya Mbeya ilikuwa ya kukata masikio. Akajifunga khanga mbili juu ya sweta. Aliketi mbele ya kompyuta yake na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Mwenzi azaliwe: akamwasha, kwa ajili yake mwenyewe. Alitaka kuujua utamu wake. Kabla ya kumnyonga mtu ni vizuri umsikilize.

"Habari za asubuhi, Sekela," Sekela wa kwenye mashine akamwambia. "Kuna ujumbe mmoja, kutoka kwa Gwamaka."

Nywele zilimsisimka. Sauti ilikuwa yake ya ujana, kabla kazi ya kupayuka darasani haijaikwaruza. Akabonyeza asomewe.

"Sekela, mke wangu. Sikulala. Nimekukosea. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kutumia sauti yako kwenye Ungo, nami sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa, na huo ndio woga wangu. Nitamwendea yule mama mwenyewe nimwombe radhi. Nipe muda kidogo nirekebishe. Nisamehe."

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Alilia kwa nafuu, kama mtoto aliyekuwa amepotezana na watu wake sokoni akashikwa mkono. Mumewe alikuwa amerudi. Si yule wa jana wa Ungo, bali yule wa mablanketi ukutani. Aliamua papo hapo kutozima chochote. Watarekebisha pamoja. Atarekodi ile sentensi, *kuna habari nzito, nisome sasa au baadaye*, Atupele atabaki na kazi, Mama Lusajo atabaki na Zaburi zake. Akauona mchana wote ulivyo mzuri.

Akataka kuusikia tena. Na kwa kuwa vidole vina mazoea yao ambayo hayamwombi mwenye navyo ushauri, vidole vyake vilibonyeza vitufe viwili vya kila siku. Bati likaamka.

*Sekela. Sijutii. Nilikwambia sikuijua habari ya yule mama, haikuwa kweli. Mashine iliniuliza, kwa sababu ujumbe ulikuwa mzito kupita kiwango, nami nikajibu ifunike. Ikiniuliza kesho nitajibu vilevile. Bodi imeshaanza kujenga sauti nyingine kutoka rekodi zako za zamani, iliyobadilishwa kidogo ili sheria isiibane, kwa hiyo ukizima utaumiza watu kwa miezi michache tu na lawama itakuwa yako. Sikukuuliza kwa sababu wewe hupenda ukweli kuliko watu. Fikiri vizuri.*

Bati likanyamaza. Lilikuwa limemaliza kazi yake, halikuwa na la kuongeza.

Alisikiliza ujumbe wa Gwamaka mara ya pili, kisha akamrudia Mwenzi, na Mwenzi, kwa sauti ile ile tulivu, akamwomba tena msamaha ambao hakuna mtu aliyeuomba. Ungo ulikuwa umempima. Ulimkuta mke aliye peke yake chumbani, asiyelala usiku, akiwa na moyo uliochubuka, ukampa alichokuwa anakitamani. Na lililomtisha kuliko yote ni kwamba alikuwa bado anakitamani. Hata sasa, akijua, angeweza kubonyeza mara ya tatu.

Hapo ndipo jibu la swali la jana lilipomfikia, limechelewa, mguu mmoja umevaa kiatu. Tofauti kati yake na Ungo ni kwamba yeye anaweza kumrudia mtu aliyedanganywa, akakiri.

Aliweka kidole gumba pale panapotakiwa. Akakohoa kusafisha koo.

"Chai yangu imepoa," akasema.

Mwenzi hakuaga. Sauti ilikatika katikati ya pumzi.

*

Nchi nzima ikaanza kupiga simu. Atupele alipiga akiwa kwenye dirisha lake benki, analia, wateja wamepanga foleni na mashine inamwagia maharage. "Dada Sekela, umenifanya nini?" aliuliza. Sekela akamwambia aje jioni, na kesho, na kila siku mpaka masikio yake yafunguke, na kwamba yeye mwenyewe atampigia meneja. Atupele alikata bila kuaga. Ilikuwa haki yake.

Mama Lusajo alifika wanafunzi wakiwa wamejaa na makelele ya Bati yametapakaa chumba kizima. Mpwa wake alikuwa ameshamweleza kilichotokea. Habari ilikuwa mitaani.

"Nilikukataza," alisema. "Nilikushika mkono huu nikakukataza. Mwanangu ameondoka, na wewe ukaiondoa sauti iliyobaki."

"Ndiyo, mama."

"Unasema ndiyo tu?"

"Nina jingine, na ni baya zaidi." Sekela alimwongoza mpaka kwenye benchi la nje, penye jua. Akakaa karibu naye, magoti yakagusana. "Jana uliniuliza Lusajo aliandika nini. Sikukusomea. Nilikutungia maneno yangu. Hayo ya kutaka usiwe na wasiwasi hayamo. Hata hilo la kukupenda halimo, nililitia mimi."

Mama Lusajo aliuondoa mkono wake.

"Na wewe," akasema.

"Na mimi."

Ndani, mwanafunzi mmoja alikuwa anapunguza kasi ya Bati, anapunguza tena, mpaka maneno yakaanza kusikika moja moja.

"Yaliyomo ni mazito, mama. Naweza kusoma sasa, au baadaye mpwa wako akiwepo, au nisisome kabisa. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya."

Yule mama alisugua mikono yake. Jua lilikuwa limeanza kupasha benchi.

"Soma," akasema.

Sekela akachomeka spika sikio moja. Bati likatamka kavu kavu, naye akawa anatamka nyuma yake kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwaruzika, bila kuruka wala kulainisha: mapafu, vumbi, mpira shingoni, Pasaka. Alisoma pia majibu ya mama, tangawizi na jogoo na sweta, na pale aliposoma *nakwambia nakufa* Mama Lusajo alitoa mlio mdogo lakini hakumzuia. Sekela akaendelea mpaka ujumbe wa mwisho.

"Sawa, mama. Nimeelewa. Nilidhani utakuja."

Alingoja kofi, alingoja laana, alijiandaa kwa vyote. Mkono wa Mama Lusajo ukatafuta juu ya benchi mpaka ukaupata wake.

"Rudia," akasema.

Sekela akarudia.